Maji ya Wasiojua

Majella Timoney aliegesha gari lake mbele ya ukumbi wa kanisa la Derrynacloy Jumamosi moja ya Oktoba, mvua ikinyunya. Akavaa gambuti, akakitia kishikwambi chake ndani ya mfuko wa plastiki, akaanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba. Kazi yake ilikuwa kuuliza swali moja. Kama kura ingepigwa kesho, ungetaka Ireland ya Kaskazini iungane na Kusini iwe nchi moja, au ibaki ndani ya Uingereza? Majibu yalikuwa matatu: iungane, ibaki, sijui. Alikuwa ameliuliza swali hilo miaka mingi, kwa niaba ya magazeti, vyuo vikuu na vyama, na alishazoea kuliuliza huku akiwaza atapika nini jioni.

Kwetu Derrynacloy mpaka wa Kaskazini na Kusini ni kijito kinachopita nyuma ya shamba la akina Gormley. Ng'ombe huuvuka wakijisikia. Watu ni wastaarabu, hakuna mgeni anayeondoka bila chai, na hakuna anayekuambia anachofikiri. Ndivyo tulivyolelewa. Mtoto wa huku hufundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu, na enzi za vita vyetu, vya Wakatoliki waliotaka kuungana na Waprotestanti waliotaka kubaki, sababu ilikuwepo: mtu alitamka neno moja baa, na wiki hiyo hiyo kwao wakaweka matanga. Vita viliisha. Midomo ikabaki imefungwa, kwa mazoea tu, na mimi nimechoka nayo kuliko ninavyoweza kueleza.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Fergus Tummon, mwalimu mstaafu. Kila mtu anajua msimamo wa Fergus. Kila Pasaka hutundika bendera ya Kusini chumbani kwake, na pazia halifungi vizuri. Alimkaribisha Majella jikoni, akalisikiliza swali mpaka mwisho kama vile hajawahi kulisikia, kisha akatabasamu.

"Hilo gumu, dada. Sijui."

Majella hajabonyeza bado, maji yakatokeza kwenye ufa wa vigae. Yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, yenye harufu ya kinamasi, na yalienea polepole mpaka chini ya friji. Fergus aliinua miguu akaiweka juu ya stuli, akamuuliza mgeni kama anatumia sukari.

Nyumba ya pili ikawa vilevile, na ya tatu. Kwa akina Drumm baba alisema hajui, mama akasema hajui, na mtoto wao wa kiume, aliyewahi kugombea udiwani kwa chama kinachodai muungano, akasema anahitaji taarifa zaidi. Maji yakapanda mpaka kifundo cha mguu. Mama Drumm akahamisha viazi kutoka kwenye sakafu ya stoo na kusema halmashauri haijawahi kuzibua mitaro ya upande huu, na haitazibua, iwe ni Uingereza au Ireland. Wote walikubaliana juu ya mitaro.

Arvydas alikuwa Mlithuania aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha kuku. Yeye alifikiri kwa muda mrefu. Aliuliza kama leseni yake ya udereva itakubalika, akauliza kuhusu daktari, maana amesikia Kusini mtu hulipia hata kumwona daktari wa kawaida. Mwisho akasema hajui kwa kweli. Majella alitazama sakafu. Ilikuwa kavu. Akaelewa kwamba maji hayakuwa na ugomvi na mtu asiyejua. Alibonyeza, akaaga, akaendelea.

Kwa Hazel Irvine pia palikuwa pakavu. Hazel ni Mprotestanti, mjane, mfuga kuku, na mambo ya bendera hayampi shida hata kidogo.

"Andika ibaki," alisema. "Walter wangu alikufa akisema ibaki. Nikibadilisha leo atarudi kunigombeza, na yule mzee alikuwa na kelele."

Alimpa Majella mayai ampelekee Dympna McElroy, kwa kuwa anapita huko. Hazel amekuwa akimpelekea Dympna mayai kila wiki tangu wote wawili wakiwa wasichana wa kuolewa. Mmoja huenda kanisa hili na mwingine lile, na hawajawahi kuzungumza siasa.

Nyumba ya Dympna ni ya mwisho kabla ya kinamasi. Aliyapokea mayai, akaweka birika jikoni, akaketi. Ni bibi mwembamba aliyekwisha kupita themanini, na mikono yake haitulii. Watu wa huku humwita "dada wa Fintan", ingawa Fintan hayupo tangu ujana wao. Jioni moja wanaume wenye bunduki, wa upande wake mwenyewe, ule wa muungano, walimtoa kwenye dansi wakisema ameuza maneno kwa polisi. Walimuua na kumzika mahali, wala hawakusema ni wapi. Vita vilipokwisha, wengine waliochukuliwa hivyo mahali walipozikwa palionyeshwa, wakafukuliwa mmoja mmoja. Alipo Fintan hapajaonyeshwa. Dympna hataki mtu afungwe. Hataki hata jina la aliyefanya. Anataka kaburi, na anajua miaka yake inahesabika.

Majella alimuuliza swali lake.

"Nikujibu nini, mwanangu?" alisema Dympna. "Ndugu yangu amelala ardhini, na sijui ni upande gani wa kijito. Miaka yote hii sijui kama yuko nchi hii ninayokaa mimi au ile. Basi andika iungane. Wakizifanya nchi moja, popote alipo nitakuwa nchi moja naye. Angalau hilo."

Sakafu ilibaki kavu. Kishikwambi kilitaka kujua sababu kuu, kikitoa nafasi ya uchumi, afya, pensheni na utambulisho. Majella alibonyeza "nyingine".

"Unawauliza wote swali hilo?" aliuliza Dympna.

"Wote, mama."

"Na wanakujibu?"

"Wengi hawajui."

Dympna alicheka kidogo, kicheko kikavu. Kisha akamwomba awaulize na la kwake, maana yeye ameliuliza mpaka watu wameanza kuvuka barabara wakimwona. Kanuni za kampuni zilikataza kuongeza swali. Lakini soksi za Majella zilikuwa zimelowa, chai ilikuwa ya moto, na kwa miaka yote ya kazi hiyo hakuna mtu aliyewahi kumwomba aulize jambo ambalo jibu lake lilikuwepo. Alikubali.

Mchana akarudi alikopita. Kwa Fergus Tummon aliuliza: Fintan McElroy amezikwa wapi? Fergus alisema hajui, na maji yakamfika magotini, yakiwa na vipande vya mizizi. Akina Drumm walisema hawajui, na meza yao ikaanza kuelea. Arvydas alisema ndiyo kwanza anasikia jina hilo, akasikitika sana, na kwake hapakulowa.

Hazel Irvine alifuta meza iliyokwisha kufutwa.

"Sijui," alisema.

Maji yakaingia kwa chini ya mlango, na trei za mayai zikaelea mpaka kwenye kabati. Hazel aliyatazama kama mtu anayetazama mgeni aliyekuwa akimtarajia.

"Gari lilipita hapa taa zimezimwa," alisema baadaye, kwa sauti ya chini. "Nililiona lilikoingia. Lakini Walter alikuwa polisi wa akiba. Ningefungua mdomo, wangemuua Walter."

"Walter ameshafariki, Bi Hazel."

"Ameshafariki, ndiyo. Sasa nitamwambiaje Dympna kwamba nilijua, na nikampelekea mayai?"

Majella hakuuliza gari liliingia wapi, kwa sababu angelijua angelazimika kufanya nalo kitu, na majibu ya watu ni siri. Alipoajiriwa alitia saini kwamba hatayasema. Alimsaidia Hazel kukusanya trei, akatoka.

Njia ya akina Gormley inaanza mita chache kutoka kwenye geti la Hazel. Cathal Gormley alikuwa jikoni na mkewe Rosaleen, mashine ya kupumulia ikiwa kando yake, maana mapafu yalikuwa yamemwisha. Asubuhi alikuwa amesema hajui kuhusu muungano, na maji yalikuwa yamefika kiunoni, ingawa ujana wake wote aliupoteza akipigania muungano huo huo na watu wote wanajua. Rosaleen alikuwa ameipandisha mashine juu ya kabati na kuunga mpira wake kwa mpira wa kumwagilia bustani. Walimwomba radhi mgeni kwa hali ya nyumba.

Majella aliuliza. Cathal alizungusha kikombe chake. Kwa kitambo alionekana kama mtu anayetaka kuteremsha mzigo na kutafuta pa kuuweka. Rosaleen alimtazama, na ni haki kusema hakumtazama kwa vitisho. Alimtazama kwa uchovu, akiwaza wajukuu na majina yao kwenye magazeti.

"Mwambie sijui," alisema Cathal.

Maji yakamfika kifuani. Aliinua kikombe kisilowe.

"Mwambie namwombea," aliongeza.

Majella alimpelekea Dympna majibu kama yalivyokuwa: wote hawajui, na Cathal anakuombea. Habari ya gari hakuisema. Dympna alimshukuru na kumfungia kipande cha keki ya zabibu kavu cha kulia njiani.

Wiki iliyofuata redio ilitangaza matokeo. Wasiojua walikuwa wengi kuliko wakati wowote. Mtaalamu mmoja alitoka Belfast na mwingine Dublin, wakabishana saa nzima, kila mmoja akidai kwamba wasiojua, ukiwachimba, ni wa upande wake. Mhandisi wa halmashauri alikuja na buti ndefu, akapima, akaandika kwamba maji haya si ya mitaro wala ya mvua, kwa hiyo hayako chini ya idara yake. Padri alitoa mahubiri kuhusu uvumilivu akiwa amesimama juu ya kreti.

Watu walizoea. Waliinua vitanda kwa matofali, wakahamisha soketi za umeme juu ya ukuta, wakanunua gambuti za watoto. Mama Drumm alileta mabata. Jioni walikwenda kukaa kwa Dympna, kwa kuwa hapo ndipo pakavu, wakaanika soksi zao juu ya jiko lake na kunywa chai yake. Walizungumza juu ya pensheni, bei ya maziwa na gharama za daktari wa Kusini. Mwanzoni Dympna aliwauliza. Kila alipouliza, soksi zote zilizokuwa jikoni zililowa upya na mazungumzo yakafa. Akapunguza kuuliza. Aliwatazama tu, mmoja baada ya mwingine, akiwamiminia chai, na tumaini lake lote akaliweka kwa Cathal Gormley. Aliamini mtu akikaribia kufa hutaka kufa mwepesi. Kila gari la daktari lilipopita alikwenda dirishani.

Cathal alikufa mwezi wa Februari.

Huku kwetu msiba ni wa wote. Wakatoliki huja, Waprotestanti huja, hata uliyemshtaki mahakamani kwa sababu ya wigo huja. Jeneza huwekwa sebuleni, familia husimama kwa mstari kando yake, na kila mtu hupita akawapa mkono mmoja mmoja akisema maneno yale yale: pole kwa msiba wako. Hakuna anayetarajia useme zaidi ya hapo. Dympna ameyasema maneno hayo katika kila nyumba ya Derrynacloy. Yeye hajawahi kuambiwa na mtu yeyote. Hapakuwa na mwili, kwa hiyo hapakuwa na jeneza, wala mstari, na watu hawakujua wamwambie lini.

Kwa akina Gormley watu walipanga foleni kutoka barabarani, maji yakiwa mapajani. Jeneza lilifungwa kwa kamba kwenye meza mbili lisiende. Wasichana walipitisha sandwichi na chai kwa kuziinua juu ya vichwa. Hazel alikuwepo, Fergus alikuwepo, na walimpisha Dympna mbele yao, jambo ambalo halikuwa kawaida. Alimtazama Cathal, rozari imefungwa vidoleni, mdomo umefungwa vizuri na watu wa mazishi. Kisha akamfikia Rosaleen, akampa mkono.

"Pole kwa msiba wako, Rosaleen."

"Asante, Dympna. Asante kwa kuja."

Hawakuachiana mikono. Dympna alisogea karibu ili wa nyuma wasisikie.

"Aliacha neno lolote?"

"Hakuacha."

"Wewe je?"

"Sijui chochote, Dympna."

Maji yakapanda kidogo, taratibu, mpaka kwenye mikono yao iliyoshikana. Sanduku la shada la maua likapita katikati yao likielea, na mtu akalisukuma pembeni kwa adabu. Rosaleen alikuwa na macho mekundu. Alikuwa hajalala kwa siku nyingi na, kama wajane wote, alikuwa akisema lililomjia.

"Tumempatia mahali pazuri," alisema. "Karibu na mama yake, chini ya ukuta. Nitakuwa ninakwenda Jumapili baada ya misa. Hilo linanipa nguvu kidogo. Angalau najua alipo."

Dympna aliutazama mkono wa Rosaleen, akaupigapiga kwa mkono wake mwingine.

"Hilo si dogo," alisema.

Kisha akasogea, kwa sababu watu walikuwa wengi nyuma yake, akampa mkono mtoto wa kwanza wa Cathal, na wa pili, na binti wa mwisho, akimwambia kila mmoja pole kwa msiba wako.