Shikanga wa Sabini na Tisa

Jumanne saa nne asubuhi Osiako alikuwa amekwisha kunyoa upande mmoja wa kichwa cha mwalimu Ayuma, Shikanga alipoingia kinyozini na kuketi kwenye benchi kungoja zamu yake. Alikuwa amekufa tangu mwaka wa sabini na tisa. Osiako alimwambia avumilie kidogo, mashine imepata moto.

Kosa lilikuwa la wanaume wa kinyozi hicho cha Kakamega mjini. Watu wa kwao wanajua kwamba marehemu ambaye hakuna mtoto aliyepewa jina lake hatajwi ovyo, maana jina hilo halina pengine pa kwenda ila kwake. Shikanga alikufa kapera, siku tatu baada ya pigano lake la mwisho, na ukoo ukasahau kurithisha jina lake. Lakini kwa miaka kumi na mitano, kila siku isipokuwa Jumapili, wanaume hao walibishana mpaka mate yakawakauka: Shikanga wa sabini na tisa na Clifford wa tisini na nane, mabingwa wa ndondi wa uzito wa juu wote wawili, wangekutana, nani angelala chini? Watu wazima, wana wake na mashamba, na hiyo ndiyo kazi waliyoiona.

"Mnaniitanga kila siku," Shikanga alisema. "Silali. Huyo Clifford ako wapi, tumalize hii maneno?"

Wakapanga Jumamosi.

Habari zilimfikia Muhonja, mke wa Clifford, kabla ya adhuhuri, akichambua maharagwe. Mumewe alikuwa kando yake, miaka hamsini na minne, akihangaika na kifungo cha shati kwa mikono inayotetemeka. Daktari alishasema waziwazi kwamba pigo moja zaidi la kichwa litamuua. Clifford alisahau kama amekunywa chai, na siku nyingine alisahau jina la mkewe, lakini aliposikia pigano alisimama wima na kucheka. Muhonja hakuwa ameona kicheko hicho kwa miaka sita. Alikichukia.

Alikwenda kwa chifu. Chifu alisema kibali kimeshatolewa, kwani uwanja wa kupiganisha mafahali wa Shinyalu hauna shughuli Jumamosi hiyo. Alikwenda kwa mchungaji, naye akamwahidi kufungua kwa maombi. Mwalimu Ayuma peke yake ndiye aliyesema mizani si sawa: mmoja amehifadhiwa na kifo akiwa na miaka ishirini na saba, mwingine ameliwa na uhai. Wenzake walimsikiliza, wakakubali kwamba ni hoja nzuri, wakaendelea kupanga viti.

Alhamisi alasiri Muhonja alichinja jogoo, akasonga obusuma, ugali wa kwao, akaenda navyo kwa Mzee Wanzala. Wanzala alikuwa kocha wa Shikanga, kisha baada ya miaka akawa kocha wa Clifford. Sasa alikuwa na miaka themanini na minne. Alikuwa amempa Shikanga chumba, na alitangaza kwamba atasimamia kona zote mbili, kwa kuwa wote ni watoto wake.

Muhonja alimkuta Shikanga uani akiruka kamba. Kamba iligonga ardhi bila kutimua vumbi. Muhonja hakujua amwite kijana au mzee, akaona shemeji itafaa.

"Shemeji, kula kwanza. Halafu nikuambie. Utaniulia bwana."

Shikanga alinawa. "Mimi sina ubaya na yeye, mama. Lakini mpaka huu ubishi uishe, sirudi kulala."

"Basi jiangushe. Raundi ya kwanza tu. Nani atajua?"

Shikanga alitafuna polepole. "Niliacha nini hapa duniani? Mtoto hakuna. Boma hakuna. Ni jina tu, wanasemanga Shikanga hakurudi nyuma. Hiyo nayo unataka?"

Muhonja alichota maji kwa kikombe. Alimuuliza alikufaje.

"Kichwa kiliniuma kutoka raundi ya tano. Nikaambia Mzee. Akanimwagia maji, akasema kichwa cha fahali huuma baada ya vita."

Muhonja alikiweka chini kikombe. Mwaka wa tisini na nane alikuwa amekaa nyuma ya kona ya mumewe, mjamzito, na aliyasikia maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo. Alikuwa amepiga makofi. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

Jumamosi watu walijaa kutoka Malava mpaka Lumakanda. Kamba zilifungwa kwenye nguzo nne za mkaratusi, ngoma za isukuti zikalia, mchungaji akaomba. Clifford alipovishwa glavu mikono yake iliacha kutetemeka. Muhonja alishika kamba ya kona kwa nguvu. Refa alisema sheria ni za uwanja ule ule wa mafahali: hakuna pointi, atakayegeuza mgongo ndiye aliyeshindwa.

Raundi ya kwanza Shikanga alipiga mbavu tu. Ya pili, Clifford alimtia ngumi ya kidevu, umati ukapiga kelele, na Shikanga, ambaye alikuwa na hasira zake kama bondia yeyote, akarudisha moja ya utosi. Clifford aliyumba. Kengele ikalia.

"Mzee, kichwa," Clifford alisema akiketi. "Kichwa kinaniuma."

"Mwondoe!" Muhonja alipaza sauti. "Mzee Wanzala, mwondoe, nakuomba!"

Wanzala alimwagia maji. "Kichwa cha fahali huuma baada ya vita," alisema, na kipaza sauti cha mtangazaji kilichokuwa karibu kikalipeleka neno hilo uwanja mzima. Watu walishangilia. Ni msemo mtamu.

Kwenye kona ya pili Shikanga alikuwa ameinua kichwa.

Kengele ilipolia Clifford alikuja katikati, macho hayatulii. Shikanga alimtazama, akamtazama Muhonja, akashusha mikono. Kisha akageuka. Alipita chini ya kamba, akavuka uwanja polepole, mgongo wake mpana ukionekana na kila mtu, akashika njia ya Malava alikozikwa. Vijana walimzomea mpaka akapotea kwenye miwa.

Wanzala aliinua mkono wa Clifford. Clifford alimwinamia mkewe akamuuliza wamempiga nani.

Jumatatu Muhonja alikwenda kinyozini na kusimama mlangoni. "Shikanga hakukimbia," alisema. "Alimwachilia bwana yangu. Mzee Wanzala ndiye aliyemuua yule, na huyu wangu alikuwa anammalizia. Mlisikia wenyewe."

"Tulisikia, mama," Osiako alisema kwa heshima. "Lakini mgongo tuliuona."

Wengine waligeuza vichwa, maana nje filimbi ilikuwa ikilia. Nasambu, binti wa mkata miwa, miaka ishirini na kilo tisini, alipita akikimbia na tairi la gari limefungwa kiunoni, na Mzee Wanzala nyuma yake juu ya bodaboda. Muhonja alimwita kwa jina mara mbili. Msichana alimpungia mkono bila kusimama.

Wanaume walisogea dirishani.

"Ana shingo nzuri," Osiako alisema, na wote wakakubaliana naye.