Mheshimiwa, Unaipokea?

Bungeni walimwita Mzizi, kwa sababu kila akisimama lazima ataje mizizi: mizizi ya taifa, mizizi ya ndoa, mizizi ya lugha. Mimi namwita Kitinda, maana ndiye kitindamimba wangu. Siku ya muswada wake wa uraia alinipeleka niwe mgeni wake, nchi ione mzizi umetoka wapi.

Getini kuna fomu ya wageni: jina, umri, mahali pa kuzaliwa. Kitambulisho changu kinasema nimezaliwa hapa. Aliyekiandikisha ni marehemu baba yake Kitinda, mimi sikuulizwa. Lakini fomu nilijaza mwenyewe, kwa mwandiko wa darasa la nne, na mkono ukaniwasha nikaandika ukweli: ng'ambo ya mto wa mpakani. Nilivuka nikiwa na miaka miwili, mgongoni kwa mama. Kitinda anajua.

Spika alitaja wageni, nikasimama, wabunge wakanipigia meza. Kisha mwanangu akaanza.

"Mheshimiwa Spika, kifungu cha sita kiko wazi! Asiyezaliwa ndani ya mipaka yetu si raia, hata akae miaka mia. Aombe kibali kila mwaka. Akinyimwa, arudi kwao!"

Meza zikalia. Nikatazama viatu vyangu kama vitafika ng'ambo.

Mbunge mmoja wa upinzani, mwanamke aliyewahi kufundisha hesabu, aliyepita getini nikijaza fomu, akanyanyuka. "Taarifa, Mheshimiwa Spika!"

Taarifa ni hivi: mwenzako anakukatiza akupe jambo, nawe huendelei mpaka useme unalipokea au hulipokei. Na jibu lako huandikwa, halifutiki.

"Nampa taarifa msemaji kwamba mgeni wake, mama yake mzazi, ameandika getini kwa mkono wake kuwa kazaliwa ng'ambo ya mto."

Waliokuwa wanasinzia wakaamka, na hao si wachache.

"Mheshimiwa," Spika akasema, "unaipokea?"

Kitinda akanywa maji. Akainua glasi tena, nayo ilikuwa imeshakuwa tupu. Midomo yake ikaanza kutengeneza "si" ya "siipokei", nikaiona. Nikasahau kwamba mgeni haruhusiwi hata kukohoa.

"Pokea, baba! Usinizike bado napumua!"

Askari wa Bunge, binti wa rika la mjukuu wangu, akanishika kiwiko. "Bibi, nje."

"Taratibu, mwanangu. Goti hili nalo si raia."

Akauma mdomo asicheke, akanikalisha kwenye benchi la korido. Pale ukutani palikuwa na kipaza sauti.

"Naipokea, Mheshimiwa Spika," kikasema kwa sauti ya mwanangu.

Pumzi ikanirudi. Haikukaa.

"Na kifungu kibaki kama kilivyo. Sheria haichagui mama."

Wanaoafiki wakaambiwa waseme ndiyo. Ndiyo ile ilitikisa ukuta, na ya kwake niliitambua humo ndani, kama mtu anavyotambua kikohozi cha nyumbani kwake. Sauti za siyo zilikuwa chache, za kutia huruma.

Kitinda akatoka, kola imelowa jasho. Akachuchumaa mbele yangu.

"Mama, usihofu. Kibali chako nitakiombea mwenyewe."

"Wahi basi. Nasikia mwenye sheria ile hana masihara."

Hakucheka. Akanishika mikono, yake baridi kuliko yangu.

"Watakupa, Mama. Mwaka huu watakupa."

"Na mwakani?"

Kengele ikalia kuwaita wabunge ndani. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akaenda.