Maini ya Mama Ramula

Mama Ramula, mwenye bucha kule Kinyamaseke, alishuka Bwera, mpakani, na ndoo ya maini. Jamira, mke wa mwanawe, akajua leo hana pa kukimbilia. Kwa ukoo ule, maini ni ya mke mwenye mimba, na kuyakataa ni kumvunjia mama mkwe heshima.

Lakini asubuhi ile, kliniki, Sista Feresita alikuwa amemwonya. Macho na moyo wa mtoto tumboni hujengwa kwa vitamini A. Ikipungua balaa, ikizidi balaa, na maini yanayo ya kupindukia, hasa kwa miezi hii ya mwanzo. Bora ale maboga na mboga za majani. Jamira alishapoteza mimba moja. Hii ya pili aliipenda hadi akaogopa kupiga chafya.

"Kula, binti yangu. Mutoto iko na njaa."

Jamira akamtazama mumewe. Latif, dereva wa lori la Kasese, ambaye hajawahi kumbishia mama yake hata kwa kukohoa, akatoa uongo mkubwa kuliko lori lenyewe.

"Mama, hii mimba, yeye iko nabeba, mimi niko nakula. Akionja maini anatapika. Nikila mimi, yeye nashiba."

Mama Ramula akamkagua kitambi. "Alhamdulillahi," akasema, akamsogezea sahani.

Basi mambo yakaharibika. Ndoo ikawa inakuja, Latif anakula. Habari zikaenea, madereva wenzake wakampisha mbele kwenye foleni ya forodhani, eti mwenye mimba hasimamishwi juani. Mama Ramula akawa anakiambia kitambi, "Mujukuu, usisumbue baba yako." Jamira alikula boga lake pembeni, na hakuna aliyemuuliza amelalaje. Mwanzoni alicheka. Baadaye wivu ukamkaba.

Ijumaa moja Latif akadondosha tonge, akajikunja mkekani akiugulia.

"Mimba inatoka!" Mama Ramula akapiga yowe.

Maneno hayo Jamira aliwahi kuyasikia akiwa amelala kwenye damu. Hakuweza kuvumilia.

"Mama, mimba iko kwangu! Huyu ni kuvimbiwa tu! Sista alikataza maini, yanaweza kuumiza mutoto. Niliogopa kukuambia."

Latif akaacha kuugulia, kwa adabu.

"Sasa ulikuwa unakula nini?" Mama Ramula akamuuliza Jamira.

"Maboga, Mama."

Mama Ramula akakaa chini polepole. "Mimba ya huyu Latif, mama mukwe wangu alikula maini yote yeye mwenyewe. Mimi nilipewa maboga. Nilikula nikilia. Nikaapa, muke ya mutoto wangu hatalia."

Jamira akajishika tumbo, akaona aibu na huruma kwa pamoja. Kisha akaiondoa sahani mbele ya Latif, akaiweka mbele ya mama mkwe wake, akapiga goti kumnawisha.

"Karibu, Mama. Hii ilikuwa yako."

Mama Ramula akasema bismillahi, akala yote.