Majivu ya Nyuzi Mia Tatu

Jumanne saa nne asubuhi, Dakta Kumudini Barve alipima gramu tano za majivu ya kiwanda cha kuchoma taka, akayatia kwenye mrija wa kioo mwembamba kama kidole, akausukuma mrija ndani ya tanuri la maabara. Akafungulia hewa kidogo kidogo, akapandisha moto mpaka nyuzi mia tatu. Mwisho wa mrija palikuwa na chupa iliyozamishwa kwenye barafu, ya kunasia mvuke. Kwa miaka kumi na moja alikuwa akichunguza jinsi sumu inavyojiunda yenyewe ndani ya majivu yanayopoa, makaa na klorini na shaba vinapokutana, moto ukiwa umeshazimika.

Alipofungua tanuri saa sita, mrija ulikuwa umepasuka na mahali pake pana kiatu cha mtoto. Cha plastiki, buluu, cha mguu wa kushoto. Ndani kimeandikwa kwa kalamu jina Rukmi.

"Mrija wa tatu huu mwezi huu," alisema Vinayak, fundi wa maabara, akimalizia sahani yake ya poha, mchele uliopondwa na kukaangwa. "Watu wa stoo watatutoa roho."

"Andika 'umepasuka'. Halafu tunarudia."

Walirudia. Kwa nyuzi mia mbili hakikutoka kitu. Kwa mia nne na hamsini kilitoka kitu kikayeyuka. Mchanga mtupu waliouchoma kwa kulinganisha ulibaki mchanga. Lakini kwa mia tatu majivu hayakukosea: zilitoka dripu za hospitali, nyaya za umeme, mwanasesere mwenye macho yote mawili. Kibali cha kiwanda kilisema kinachoma maganda ya mboga tu. Nayo chupa ya barafu ilikuwa na sumu mara arobaini ya kiwango kinachoruhusiwa. Kumudini aliandika yote, vitu na sumu, akapeleka ripoti kwa mkurugenzi wa maabara.

Alhamisi akaja Shevanta, mwokota taka anayeishi chini ya bomba la moshi la kiwanda.

"Daktari, fundi wako ameniambia. Nimefuata kiatu cha Rukmi wangu."

Kumudini akampa. Shevanta akakipangusa kwa pindo la sari.

"Na kifua chake? Alikuwa anakimbia mpaka stesheni na kurudi. Siku hizi ngazi tatu tu, anakaa chini. Nacho mnarudisha?"

"Kifua hapana, dada. Kilichokila kimo kwenye chupa hii. Nimekiandika."

"Basi wape wakisome."

Mkurugenzi Phadnis aliisoma ripoti mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kazi safi, Dakta Barve. Hicho kiatu kipo?"

"Mwenyewe ameshakichukua."

"Basi hakikuchomwa. Kilichochomwa hakivaliki. Na kama hakuna kilichochomwa, hakuna majivu. Sasa sumu yako imetoka kwenye majivu gani?"

"Yale ya kwenye magunia, bwana mkurugenzi. Hapo nyuma ya kiti chako."

Phadnis akageuka, akayatazama.

"Hizo ni mali za wananchi," alisema kwa upole, "ambazo bado hazijapashwa moto."

Ukurasa wa sumu ukanyofolewa. Kiwanda kikapata tuzo ya kurejesha taka, pamoja na kibali kipya kisichotaja maganda. Maabara ikatoboa dirisha kwenye ukuta wa barabarani, watu wakajipanga na picha za vitu vyao, na Vinayak akaletewa mirija mipana. Kufikia masika, foleni ilikuwa imeyazidi majivu. Wakazi wakaandika barua kuomba kiwanda kichome mchana na usiku.

Kumudini aliiona barua hiyo. Miongoni mwa alama za vidole ilikuwamo ya Shevanta.

"Hata wewe, dada?" alimuuliza dirishani.

"Cherehani ya mama ilikwenda na lori la taka mwaka juzi, daktari. Nikiipata nitashona, nimpeleke Rukmi kwa mtaalamu wa mapafu."

Alikuwa nambari mia sita na kumi. Kumudini alimwambia arudi mwezi wa kumi, na aje mwenyewe, maana cherehani hakabidhiwi mtu mwingine.