Miti ya Damu Moja, Kyimo na Masoko

"Mama Tulia, huu mparachichi wako unamsubiri nani?"

Saada, jirani yangu muuza vitenge, aliniuliza hivyo mwezi wa saba, akicheka ng'ambo ya uzio. Wa kwake, ulioota wenyewe kwa kokwa lililotupwa, ulikuwa umejaa maua na nyuki.

 Mti wangu ni kazi ya mwisho ya mikono ya marehemu mume wangu. Alikata vikonyo viwili kwenye mti mmoja, akavibebesha, yaani akaviunga, juu ya miche miwili. Mmoja akaupanda hapa Kyimo, mwingine akampelekea binti yetu Tulia kule Masoko. Wiki ya pili Bwana akamwita mume wangu.

Sasa wa Masoko ulikuwa umechanua. Shemeji yangu Ezron aliposikia, akaja asubuhi na shoka.

"Ugonile, shemeji," akanisalimu. " Mti huu tasa. Naukata, tupande migomba."

"Nani kakwambia tasa?"

"Damu moja, mama! Mwenzake kachanua, huu umelala tu."

"Wewe na marehemu mlinyonya ziwa moja. Yeye alikuwa na watoto wawili, wewe bado unajificha ukiona wasichana."

Akacheka bila kupenda.

"Shemeji," nikasema, "nikikanda maandazi alfajiri kwa Tulia, kule kwenye joto, saa nne unga umeumuka. Hapa naufunika na blanketi, unafika adhuhuri. Hamira ni ile ile. Baridi ndiyo inauchelewesha."

"Na wa Saada? Haupigwi na baridi hii hii?"

"Ule wa mbegu, una ukoo wake. Kila ukoo na saa yake."

Ukungu ulikuwa umeshuka toka mlimani ukameza shina, matawi yakabaki yanaelea. Kila siku baada ya sala nilitembea humo polepole, kama mtu aliyeingia katika usingizi wa mwingine, nikipapasa ncha za matawi. Wiki ile zilikuwa zimevimba kama ulezi uliolowa.

Nikachuma chipukizi moja, nikalipasua kwa ukucha, nikamwekea kiganjani. Ndani vijiua vya kijani vilikuwa vimekunjamana, vimebanana, vimelala.

Ezron aliinama akatazama mpaka nyusi zake zikalowa umande.

"Lini?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Baridi ikilegea. Mungu akipenda, wiki mbili."

Akalifumba lile chipukizi mkononi, akaweka shoka begani, akatoka.