Karanga za Kuchaguliwa

"Soma tena," wifi alisema huku akifagia. "Labda umeishika kichwa chini."

Mjane aliishika karatasi ya maabara vilevile. Kwenye mlango wa duka, ndani ya mfuko wa nailoni, ilibandikwa nyingine, yenye muhuri wa maabara ileile na namba ileile iliyoandikwa kwenye gunia alilonunua. Ya mlangoni ilisema karanga ni salama. Ya mkononi ilisema zina sumukuvu, ile sumu ya ukungu, tena imepita kiwango kwa mbali sana.

"Namba ni moja, wifi. Gunia ni lako."

"Na maabara ni ya wanadamu." Wifi akacheka. Mjane akainamisha macho, maana kicheko kile kilikuwa cha marehemu mumewe, kilekile, cha kuanzia puani. Tangu wamzike hakikusikika popote ila katika duka hili. Kuna siku alikuja kununua chumvi, na huku chumvi imejaa nyumbani.

Kazi yake ilikuwa kusaga unga wa lishe. Zahanati iliununua na kuwagawia akina mama wenye watoto waliodhoofu. Kabla ya kusaga gunia jipya alizamisha mkono, akachota karanga za juu, za katikati na za chini kabisa, mpaka kwapa liguse mdomo wa gunia, akazipeleka kupimwa. Si kwamba hakumwamini wifi. Alipima gunia la kila mtu, kama alivyogusa kwa kiwiko maji ya kuogeshea mtoto, ingawa ameyachanganya mwenyewe.

"Wewe za kupeleka maabara ulichotaje?"

"Sikuchota. Nilichagua." Wifi aliegemeza ufagio ukutani. "Nilikaa hapo kibarazani, moja moja, nene, zisizo na kunyanzi. Ulitaka nipeleke mbovu zikapimwe? Wewe ukienda kupigwa picha unavaa tambara la kudekia?"

Alisema kwa uso mtulivu wa mtu asiyedanganya. Angekuwa mwongo, ingekuwa nafuu.

"Wifi, wanapima zile ili wajue hali ya gunia zima."

"Kwani zile zilitoka wapi, mbinguni?"

"Ibandue karatasi. Tufunge stoo, tuzifukie zote. Sitamwambia mtu."

Wifi alitazama nyuma, kwenye magunia yaliyopangwa hadi darini. "Kila nilichonacho kimo mle. Mvua ilipoingia nilizianika upya, nikazipepeta kwa mikono hii. Watu wanakula karanga tangu dunia iumbwe."

"Watu wazima. Hawa watoto hata meno hawana."

"Basi wewe usinunue. Waache wanaotaka wanunue."

Mjane alikunja karatasi taratibu. "Nitampelekea muuguzi wa zahanati."

"Ule msiba, nani alilala chini na wewe?" Wifi hakupaza sauti. "Nani alikulisha kwa kijiko?"

"Wewe, wifi yangu."

"Haya, nenda. Lakini ukivuka kizingiti hicho, mimi na wewe basi. Hata siku ukifa, nitasikia kama jirani."

Mjane alivuka kizingiti. "Mungu akutunze," alisema, naye alimaanisha. Nyuma yake alisikia ufagio ukirudi palepale palipokwisha kuwa safi.

Muuguzi aliipokea karatasi kwa mikono miwili, akaisoma, akatoka mbio kumtafuta mkubwa wake. Mjane hakungoja.

Nyumbani alichimba shimo nyuma ya jiko, akaburuta gunia, akalimimina lote. Kuku wa mtaa mzima walifika kabla hajatupa udongo wa kwanza. Aliwaswaga, wakatawanyika, akiinama kushika jembe, wanarudi, jogoo mbele. Hatimaye aliliacha jembe. Akavua viatu, akashuka shimoni, akasimama juu ya karanga, mikono ameitanua, huku kuku wakimzunguka na kumtazama kwa jicho moja moja.