Spika ya Upande wa Mlango

Mume wangu alipofariki aliacha suruali nne, saa ya mkononi isiyokwenda, na spika mbili zilizosimama sebuleni kama milango iliyong'olewa mahali ikasahauliwa. Suruali nilizigawa. Saa aliichukua binti yangu. Spika zikabaki. Hakuna aliyezitaka, na mimi nilikuwa nimezichukia kwa miaka mingi mno hata nikashindwa kuzitoa nje. Chuki ya muda mrefu nayo hushika mizizi kama upendo.

Kwanza nieleze zilivyo, maana mtu akisikia spika huwaza sanduku. Hizi hazina sanduku. Ni bapa, zinanifika begani, na unene wake haupiti kiganja. Ni fremu ya mbao, kitambaa cheusi mbele, kitambaa cheusi nyuma, na katikati utando mwembamba kuliko mfuko wa mkate. Huo utando ndio unaotetemeka ukatoa sauti. Kila moja ina waya wake wa kuchomeka ukutani, kama pasi. Mume wangu alikuwa karani wa stoo katika kituo cha redio. Mhandisi mmoja mzee alipostaafu vitu vyake vilitolewa nje, na makarani wakaambiwa wachague. Wenzake walichukua meza na viti. Yeye alikuja na hizi, amezilaza juu ya mkokoteni, anatembea ubavuni kama anayesindikiza mgonjwa.

Wifi yangu alipoziona alisema kaka yake ameoa tena, kaoa mapacha, na wote wawili hawana makalio. Siku ile nilicheka.

Kila Jumamosi tukishakula mchana, mume wangu aliingia sebuleni, akaweka santuri, akaketi kwenye kiti chake katikati, magoti yamebanana, kama mtu aliyeitwa na mkubwa wake. Alikaa hivyo mpaka jua liiname. Hakusoma gazeti wala hakusinzia. Mimi nilikuwa chumba cha pili, kwenye cherehani, nashona sare za wanafunzi na mashuka ya watu. Mwaka wa kwanza aliniita mara moja. Alisema, "Njoo ukae." Nikamjibu nina kazi, na kweli nilikuwa nayo. Hakuniita tena.

Baada ya hapo akaanza kuigeuza ile ya kulia.

Hiyo ya kulia ilisimama ukutani, jirani na mlango wa chumba changu cha kushonea. Aliivuta mbele, akaikalisha mshazari mbele ya mlango, ikabaki nafasi ya paka. Ukitaka kuingia sebuleni sharti ugeuke ubavu, ukusanye nguo zako na uzuie pumzi. Nami sikuumbwa mwembamba. Nikaelewa kama ambavyo mtu yeyote angeelewa: huku usije. Basi Jumatatu nikipiga deki niliisukuma ikarudi ukutani, ikawa sawa na mwenzake. Jumamosi akaivuta. Jumatatu nikaisukuma. Tena sakafuni palikuwa na vitone vinne vya rangi nyeupe, vidogo kama punje za mchele, nami nikadhani rangi ilimwagika wakati wa kupaka madirisha, nikavisugua kwa brashi mpaka vikafifia. Baada ya wiki chache vikawa vimerudi. Sikuwaza sana. Nikasugua tena.

Tulikwenda hivyo miaka kumi na minane. Hakuniuliza kwa nini naisukuma, sikumuuliza kwa nini anaivuta. Watu wengine hugombana kwa maneno, maneno yakaisha wakala. Ugomvi wetu haukuwa na neno hata moja, kwa hiyo haukuwa na pa kuishia.

Nisimsingizie marehemu. Hakuwahi kuniinulia mkono wala sauti. Alfajiri tulisali pamoja, na nilipougua mgongo alinichotea maji miezi mitatu bila kuambiwa. Ila Jumamosi ilikuwa yake, na ndani yake mimi sikuwemo. Siku ya msiba, wanawake wamejaa sebuleni na spika tumezibana pembeni, nimezifunika mashuka, wifi yangu alizitazama akasema, nusu mzaha nusu machozi, kwamba kaka yake alikuwa na bahati, alikuwa na pa kukimbilia humu humu ndani. Wanawake wakatabasamu. Mimi nikainuka kunyoosha shuka la ile ya kulia.

Alikuwa akinikimbia? Nilitaka kujua hilo tu. Mtu hawezi kumuuliza marehemu, na Mungu nilimuuliza lakini Yeye hajibu maswali ya namna hiyo. Nikawa nakaa na hasira yangu nyumbani. Niseme ukweli: ilikuwa inanichangamsha. Mjane mwenye hasira ana mtu wa kuzungumza naye.

Mwaka ulipotimia binti yangu alinipigia simu akasema sasa basi, nihamie kwake. Ana chumba cha akiba, si kikubwa, kinaingia kitanda na cherehani. Spika hazitaingia. Alikuwa ameshazungumza na Fundi Sikio azichukue. Fundi Sikio alifanya kazi na mume wangu kituoni, siku hizi ana kibanda cha kutengeneza redio karibu na kituo cha mafuta. Jina hilo alilipata kwa sababu huweka sikio kwenye redio kabla ya kuifungua, kama daktari. Nikamwambia binti yangu sawa. Nilikuwa nimechoka kupika chungu kidogo.

Fundi alikuja Alhamisi asubuhi na gari la kuazima. Alipozikuta zimefunikwa mashuka alisimama akavua kofia.

"Shemeji," akasema, "umewavisha sanda wangali hai."

Nikamwambia nilizikinga vumbi. Akazifunua, akazipapasa kwa mgongo wa kiganja, akauliza kama nina haraka. Nikasema haraka ya nini. Ndipo nikamwomba, na sikujua kwamba nitamwomba mpaka nilipokwisha kusema, anisikilizishe mara moja kabla hajazichukua. Nimeishi nazo miaka yote hiyo na sijawahi kukaa mbele yake. Fundi alinitazama kama nimemwambia sijawahi kuonja chumvi. Alizichomeka, akasema zikikaa muda mrefu bila umeme huwa kama mtu aliyezimia, ziachwe zinywe mpaka kesho. Akaondoka na gari tupu.

Siku ile nilikaa nazo. Zilikuwa zikitoa mlio mdogo sana, kama pumzi ya mtu anayetaka kusema kitu. Nilipita mbele yake mara kadhaa, naokota kisichookoteka.

Ijumaa alirudi na kamba mfukoni. Alieleza kwamba kituoni hawakukadiria kwa macho. Unafunga kamba kwenye kiti, mahali pa kichwa, unaivuta mpaka spika ya kushoto, kisha ya kulia, na uso wa kila moja lazima uitazame kamba sawasawa. Akitoka nje ya hapo kidogo, msikilizaji anakula makapi. Spika bapa hazina huruma, alisema. Ubavuni mwake ni kama umekwenda chumba kingine.

Akapiga magoti kutafuta alama. Aliviona vile vitone vyeupe upesi kuliko nilivyotegemea, vinne kushoto, vinne kulia. Akafurahi, akasema huyu ndiye karani ninayemjua. Akaweka miguu ya spika juu ya vitone. Ya kushoto ikakaa vizuri, kamba ikagonga katikati. Ya kulia ikaenda pale pale mbele ya mlango, mshazari. Akavuta kamba. Haikuitazama. Uso wa spika ulikuwa unatazama pembeni kabisa, kuelekea dirishani, umekiacha kiti kama mtu aliyenuna.

Nikamwambia ndivyo ilivyokuwa siku zote, alikuwa akinizibia mlango.

Fundi akarudi kwenye kamba. Alipima tena. Alivichunguza vitone, akasema vimepakwa mara nyingi, rangi juu ya rangi, kwa hiyo si kosa la mkono. Akaketi kwenye kiti, akaweka santuri, mwanamke anaimba kwa lugha nisiyoijua na kinanda nyuma yake. Akasikiliza kidogo, akakunja uso. Alisema sauti yote imelalia kushoto. Sikio la kulia halipati kitu. Mtu mwenye masikio ya marehemu asingevumilia hata nusu saa.

"Alivumilia miaka kumi na minane," nikasema.

Akainuka, akaenda nyuma ya ile ya kulia, akainama, akafunga kamba katikati ya mgongo wake. Ndipo akanieleza jambo ambalo nadhani kila mtu wa kazi ile analijua isipokuwa mimi. Spika ya sanduku hutoa sauti mbele tu. Hii haina sanduku la kuizuia, kwa hiyo sauti hutoka mbele na nyuma, na ya nyuma si dhaifu kuliko ya mbele. Akaivuta kamba kinyumenyume, akapita ubavu mlangoni, akaingia chumba cha kushonea. Nikamfuata, nami nikapita ubavu. Kamba ilivuka juu ya kikapu cha vitambaa, ikapita pembeni mwa gurudumu la cherehani, ikaishia hewani juu ya kigoda changu, kimo cha kichwa cha mtu aliyeketi.

Fundi alisimama ameishika ncha ya kamba.

"Hapa anakaa nani, shemeji?"

Nikamwambia ninakaa mimi.

Ni mtu mwenye adabu, alijifanya anaviringisha kamba. Mimi nikaketi kwenye kigoda. Sebuleni yule mwanamke alikuwa bado anaimba, na sauti ilikuja mlangoni nzima, safi, ikanikuta usoni. Nikagundua naujua wimbo ule. Siyajui maneno, ila naujua. Najua pale anaponyamaza na kinanda kikaendelea peke yake, na mguu wangu ulikuwa tayari juu ya pedali, unangoja arudi. Nimeshona maelfu ya pindo kwa mwendo ule. Nilidhani ni mwendo wangu.

Jumamosi zote zile nilipokuwa nimeketi hapa na kinyongo changu, alikuwa amekaa kule anasikia nusu. Na kila Jumatatu mimi nilisukuma, na kusugua.

Fundi alirudi sebuleni, akaniita kwa upole, akasema sasa nipo peke yangu, anaweza kuigeuza ya kulia ikitazame kiti, nisikie kama inavyopaswa. Nikakubali. Nilikaa kwenye kiti cha mume wangu kwa mara ya kwanza. Akaigeuza. Yule mwanamke aliondoka ndani ya spika akaja kusimama katikati ya chumba, hatua mbili mbele yangu, hata nikavuta ushungi wangu kwa aibu. Alikuwa anavuta pumzi. Nilisikia ulimi wake ukigusa meno. Kumbe kitu kizuri namna hii kilikuwamo nyumbani mwangu, na mume wangu alikigawa katikati akabaki na upande mmoja, wala hakusema.

Santuri ilipofika katikati nilimwomba Fundi airudishe ile spika ya kulia kwenye vitone.

"Imtazame nani, shemeji? Kule hayupo mtu na huku hayupo mtu."

"Irudishe tu."

Akairudisha. Kisha akakaa kwenye mkono wa kochi, akauliza, basi yeye na gari la watu walikuja kuchukua nini. Nikamwambia walikuja kunywa chai. Akanywa vikombe viwili. Tukazungumza habari za magoti yake na bei ya bati, na jina la marehemu hatukulitaja. Alipofika nje aligeuka, akaniagiza nisizifunike tena na nisiguse nyuma kwa kitambaa kibichi kwa sababu umeme wake unauma.

Binti yangu alipokea habari vibaya. Alisema dereva ameshapangwa, chumba ameshakipaka rangi. Aliuliza kama kweli mama yake mzazi anakataa kuishi na wajukuu kwa ajili ya mbao mbili. Nilijaribu kumweleza habari ya kamba, ikanitoka vibaya kwenye simu, ikawa kama hadithi ya mtu aliyeanza kuchanganyikiwa. Akaniuliza taratibu kama ninakula vizuri.

"Nilichelewa miaka kumi na minane, mwanangu," nikamwambia. "Usinihimize."

Alilia kidogo, nami nikamwacha alie, nikamwahidi kwamba wajukuu wakifunga shule nitakwenda. Nitakwenda kweli. Lakini nitarudi.

Sala ya jioni ile ilikuwa ndefu. Msamaha wa Mungu niliuomba nikijua ninapewa. Ule mwingine sikuwa na wa kumwomba. Na hasira yangu, niliyokuwa nikizungumza nayo mwaka mzima, nilipoitafuta sikuiona. Nyumba ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa Jumatano, kabla Fundi hajaja. Hilo sikulitarajia. Nilidhani mtu akipata jibu hupata na usingizi.

Jumamosi nilikula mchana, nikaosha sahani moja. Nikaweka santuri kama nilivyomwona Fundi akifanya, sindano ikakwaruza kidogo kisha ikatulia. Kiti nilikiacha mahali pake. Nikapita ubavu mlangoni, nikaketi kwenye cherehani, nikaanza pindo la shuka la jirani. Sauti ikaja. Nilishona kwa mwendo wake, na sikutazama nyuma hata mara moja, kwa sababu nisipotazama sina hakika kwamba kiti ni kitupu.

Upande wa kwanza ukaisha. Sindano ikabaki inazunguka mahali pamoja, tik, tik. Nikangoja, mguu juu ya pedali, kwa mazoea. Siku zote kulikuwa na kimya kidogo hapo, kisha upande wa pili huanza. Nilingoja muda wa kutosha mtu kuinuka kitini, kuvuka chumba, kuipuliza santuri vumbi na kuigeuza.

Kisha nikainuka, nikakusanya nguo zangu, nikapita ubavu, nikaenda kuigeuza mwenyewe.